Miwa, Mabeki na Ubishi wa Watani: Hesabu za Soka la Turiani

Dirisha la usajili la mwaka 2016 liliiacha Mtibwa Sugar, timu ya Turiani, imekonda. Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim walihamia Simba kwa mkupuo mmoja, na beki Andrew Vincent, ambaye mashabiki wanamjua zaidi kwa jina la Dante, akachukuliwa na Yanga. Oktoba 1 mwaka huohuo watani hao, Simba na Yanga, wakakutana Uwanja wa Taifa. Yanga walikuwa mbele kwa bao moja, dakika zinayoyoma, Kichuya akaenda kupiga kona. Mpira ulipinda ukaingia wavuni bila kuguswa na mtu. Matokeo yakawa 1-1.

Bao lile lilizungumzwa nchi nzima, lakini Turiani lilikuwa na uzito wake. Mfungaji alikuwa amevaa jezi ya Mtibwa, timu ya Uwanja wa Manungu, miezi michache tu iliyotangulia. Kwa mashabiki wa Simba wa huko, wa Madizini, Kidudwe na Lukenge, mpigaji wa kona ile alikuwa mtoto wa nyumbani. Kwa wale wa Yanga alikuwa mtoto wa nyumbani aliyewatia kidonda. Ubishi wa aina hiyo, wa nani bora, nani kauzwa rahisi na nani anakalishwa benchi bure, ndio mali ghafi ya biashara kubwa ya mpira Tanzania. Turiani huchangia pande zote mbili, wachezaji na wabishi, na fungu linalorudi huko ni dogo kuliko mchango wake.

Mji wenyewe uko wilayani Mvomero, chini ya milima ya Nguru, karibu kilomita 100 kutoka Morogoro mjini. Anayetoka barabara kuu ya Dodoma huchepuka Magole na kufuata lami ya kilomita 48 hivi, mashamba ya mpunga na miwa yakimpokea njiani. Kiwanda cha sukari cha Mtibwa ndicho mwajiri mkubwa, na hela ya mji huenda na msimu wa kusaga. Miwa ikikatwa, wakata miwa, madereva wa trekta na wakulima wa nje wanaopeleka mzigo kiwandani huwa na kitu mfukoni. Masika yakishika, mitambo husimama na maduka nayo hupoa.

Timu ilianzishwa mwaka 1988 kama timu ya kiwanda. Miaka ile mashirika ya umma ndiyo yaliyobeba soka la Tanzania, na majina ya timu yalisema nani analipa: Reli na Tumbaku za Morogoro, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 uliwakata wengi pumzi, kwa sababu mwekezaji aliyenunua kiwanda hakuwa na mpango wa kununua na safu ya ushambuliaji. Mtibwa ilikwenda kinyume na wenzake. Kiwanda kilibinafsishwa mwaka 1998, mmiliki mpya akaibakiza timu, na mwaka 1999 ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mwaka 2000 ikautwaa tena.

Tangu hapo kombe la ligi halijatoka Dar es Salaam. Simba na Yanga wamekuwa wakipokezana, na aliyewaingilia ni Azam FC peke yake, msimu wa 2013/14, naye ni wa Chamazi, Dar es Salaam hiyohiyo. Kwa hiyo timu ya mwisho ya mkoani kuitwa bingwa wa nchi ni ya wakata miwa wa Manungu, na wazee wa Turiani wana haki ya kulikumbusha jambo hilo kila wanaposikia mtu akisema mikoani hakuna mpira.

Pengo lililofuata limechimbwa na fedha. Mei 2021 Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, lilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Benki ya NBC, iliyoingia kama mdhamini mkuu wa ligi Oktoba 2021, iliongeza mkataba mwaka 2023: Sh32.6 bilioni kwa miaka mitano. Hayo ni mapato ya ligi nzima na yameziokoa timu nyingi za mikoani, ambazo zamani zilishindwa hata nauli ya basi. Lakini juu yake kuna fedha ambazo hugusa klabu mbili tu. Mwaka 2022 Simba ilitangaza mkataba wa miaka mitano na kampuni ya kubeti ya M-Bet wa Sh26.1 bilioni, na Yanga ikaongeza wake na SportPesa kwa miaka mitatu, Sh12.3 bilioni. Aprili 2025 kampuni ya Jayrutty ilichukua zabuni ya jezi za Simba kwa Sh38 bilioni, miaka mitano.

Fedha hizo hutoka kwa watu wasiokaribia hata uwanja. Mtu wa Madizini hana haja ya kufika Msimbazi kwa Simba au Jangwani kwa Yanga ili aichangie timu yake. Hununua jezi kwa mchuuzi wa mnadani, hulipa kiingilio kwenye kibanda umiza, huweka mkeka wake wa kubeti jioni, na mkeka ukichanika humlaumu mshambuliaji hadi kesho kutwa. Mwenye kibanda hulipia kisimbuzi na jenereta, muuza kahawa husogeza birika karibu na mlango, mama wa chipsi huongeza mafuta kwenye karai. Siku ya watani, bodaboda ambaye kwa kawaida hulala mapema hukesha barabarani. Utani wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyozaliwa mwaka mmoja baadaye, unaendesha mzunguko huo katika kila mji mdogo wa nchi hii, na wanaoushikilia ni wafanyabiashara wadogo ambao majina yao hayamo katika mkataba wowote.

Ndiyo maana kuahirishwa kwa dabi ya Machi 8, 2025 kuliumiza watu wengi kuliko waliokuwa na tiketi. Simba walilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakagoma kucheza, na Bodi ya Ligi ikauondoa mchezo siku ileile. Mashabiki walikuwa wamekwisha safiri kutoka mikoani. Mechi ilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kuchukua ubingwa. Nauli ya Machi, nyama iliyonunuliwa kwa ajili ya mishikaki na mafuta ya jenereta havina kamati ya kuvikatia rufaa, na wenye mamlaka ya ratiba wanastahili kuambiwa hivyo kila wanapoichukulia siku hiyo kama mali ya klabu mbili.

Upande wa Manungu, siku kubwa ni mbili kwa msimu: Simba anapokuja na Yanga anapokuja. Mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji baada ya makato, na timu ya mkoani inaweza kuona umati wa kweli siku hizo tu. Kwa miaka mingi Turiani ilinyimwa hata hizo, kwani Mtibwa ilipeleka mechi za vigogo Uwanja wa Jamhuri, Morogoro mjini, kwenye viti vingi zaidi. Kwa mhasibu wa klabu ilikuwa busara. Kwa mwenye nyumba ya wageni wa Madizini ilikuwa hasara tupu: timu yake ilicheza mechi kubwa ya mwaka na wateja wakalala mji mwingine.

Januari 2022 Simba walikuja Manungu kwenyewe, wakabanwa 0-0. Mwezi uliofuata wakaja Yanga na kushinda 2-0. Uwanja ni mdogo, mashabiki wako karibu na mstari, na uhasama wa kijiwe huonekana kwa macho: jirani na jirani wanaokunywa chai kibanda kimoja wanakaa pande mbili. Jambo gumu kwa mwenyeji ni kwamba wengi waliolipa kiingilio siku hizo hawakuja kwa ajili yake. Wenyeji wa Turiani wengi ni wa Simba au Yanga kwanza, Mtibwa baadaye, na klabu inayouza tiketi kwa mashabiki wa mgeni haiwezi kuwauzia jezi yake.

Inachouza ni wachezaji. Orodha ni ndefu, na kijiweni watu huikariri. Juma Abdul na Hussein Javu walikwenda Yanga. Hassan Kessy alikwenda Simba, kisha mwaka 2016 akavuka kwenda kwa watani, na ubishi wake haujaisha hadi leo. Salim Mbonde na Ally Shomari walifuata njia ya Msimbazi mwaka 2017. Baadaye mkondo ukageukia Jangwani: Kibwana Shomari mwaka 2020, Dickson Job Januari 2021, na kipa Abutwalib Mshery katika dirisha dogo la msimu wa 2021/22.

Job ni mfano mzuri wa thamani inayojengwa polepole. Alikuwa nahodha wa Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon mwaka 2017. Si mrefu kwa beki wa kati, na wapo waliosema Yanga itajuta siku ya mipira ya juu. Amejibu kwa kusoma mchezo mapema na kutulia na mpira mguuni. Suala la Mshery linawagawa watu zaidi. Yanga ina Djigui Diarra, kipa wa timu ya taifa ya Mali, hivyo kijana wa Manungu amekaa nyuma yake kwa muda mrefu. Je, angebaki Mtibwa acheze kila wiki? Wanaomtetea huuliza mshahara wa nani ungelingana na ule wa benchi la Jangwani, na hapo ubishi hugeuka somo la uchumi wa kazi.

Muwa wa Turiani husagwa hapohapo na kutoka ukiwa sukari. Mchezaji wa Turiani huondoka mbichi, na utamu wake hupimwa kwa mwingine. Kanuni za kimataifa hazisaidii sana. FIFA imeweka mchango wa mshikamano wa asilimia 5 ya ada ya uhamisho, ugawiwe kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu msimu anaotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Fungu hilo hutokea mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla ya mkataba kuisha. Akitoka klabu moja ya Tanzania kwenda nyingine, na malezi yake yote ni ya hapa, Mtibwa haidai chochote kwa kanuni hiyo. Asilimia ya mauzo yajayo lazima iandikwe mezani siku ya kumuuza, na timu inayomuuza mchezaji aliyebakiza miezi sita haina nguvu ya kuiandika.

Na malezi yapo. Timu ya vijana chini ya miaka 20 ya Mtibwa imetwaa ubingwa wa taifa wa umri huo zaidi ya mara moja. Mwaka 2018, chini ya Zuberi Katwila, aliyewahi kuichezea klabu hiyo, timu ya wakubwa ilishinda Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha, ikaenda michuano ya Afrika na kutolewa na KCCA ya Uganda. Kabla ya hapo ilibidi ishughulikie faini ya CAF ya zaidi ya miaka kumi nyuma, iliyotokana na kushindwa kusafiri Afrika Kusini kurudiana na Santos. Januari 2020 ikaifunga Simba 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar. Hii si timu iliyokosa watu.

Ilichokosa ni muda wa kukaa nao. Msimu wa 2023/24, baada ya zaidi ya miaka 25 Ligi Kuu, Mtibwa ilishuka daraja. Mwaka 2024 ulianza vibaya kwa sukari yenyewe, mvua kubwa zikizuia miwa kutolewa shambani na bei kupanda nchi nzima. Mambo hayo mawili hayakusababishana, ila yalimkuta mtu yuleyule wa Turiani. Mtibwa ilirudi haraka, ikiwa bingwa wa Ligi ya Championship msimu wa 2024/25.

Msimu huohuo Kagera Sugar ikashuka. Viwanda viwili hivyo viko chini ya Super Group, na mechi ya Mtibwa na Kagera ndiyo dabi ambayo Turiani inaweza kuiita yake bila kukopa kwa Simba na Yanga wa Kariakoo: wakata miwa kwa wakata miwa, makocha na wachezaji wakihama kutoka shamba moja hadi jingine, kama alivyofanya Mecky Mexime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars aliyezifundisha zote mbili. Haikuchezwa Ligi Kuu msimu wa 2024/25 kwa sababu Mtibwa hawakuwepo, na ya 2025/26 ilikosekana kwa sababu Kagera walikuwa wameshuka. Haijawahi kuuzwa kama bidhaa ilipokuwepo. Hakukuwa na kombe la wiki hiyo, hakukuwa na jezi maalumu, wala treni ya mashabiki wa viwandani. Zikiwa pamoja tena Ligi Kuu, mmiliki mmoja atakuwa na timu mbili huko, uhasama uliokomaa na wafanyakazi wa pande zote wanaoujua vizuri, na hatahitaji ruhusa ya Msimbazi wala Jangwani kuutangaza.