Njia ya Msomaji katika Tovuti ya Lugha Nyingi

Tovuti iliyokusudiwa kuwahudumia watu wa mataifa mengi hupimwa, kwa rai yangu, hata kabla ya habari zake kusomwa. Hupimwa kwa wepesi ambao mgeni, akijikuta mbele ya ukurasa wa lugha asiyoifahamu, huiona njia ya kuifikia lugha yake, wala uzuri wa rangi na wingi wa maarifa havitamfaa kitu aliyekwama katika hatua hiyo ya awali.

Aghalabu wasanifu hudhani wamelimaliza jambo hili wakiisha kupanga bendera ndogo ndogo juu ya ukurasa. Bendera ni alama ya dola, na lugha haina dola moja. Uswisi ina lugha 4 za taifa, yaani Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi, zote chini ya bendera moja; na Kihispania husemwa Uhispania na katika sehemu kubwa ya Amerika, chini ya bendera nyingi. Je, Kiswahili chetu? Kikitambulishwa kwa bendera ya Tanzania, msomaji wa Mombasa atauliza kwa haki kama yeye hakukusudiwa, na yule wa Lubumbashi huenda akapita asijue kwamba ameandikiwa kwa lugha aisemayo kila siku. Dawa yake ni sahali: kila lugha iandikwe kwa jina ambalo wenyewe huiita, tena kwa hati yao, Deutsch, Français, العربية, Kiswahili, maana atafutaye Kiarabu ndani ya ukurasa wa Kijapani hana haja ya kujua Wajapani hukiitaje. Ndivyo ifanyavyo Wikipedia, na ndivyo ufanyavyo Umoja wa Ulaya, ambao jumuiya yake ilianza na lugha rasmi 4 mwaka 1958, na leo zimefika 24.

Huniudhi zaidi desturi ya kumkadiria mtu lugha kwa mahali alipo. Mzaliwa wa Unguja aliyehamia Hamburg hufungua ukurasa, na seva, ikiisha kutambua kwamba ombi latoka Ujerumani, humletea Kijerumani bila ya kumwuliza. Ilhali kivinjari chake, kila kiombapo ukurasa, kinaweza kupeleka pamoja na ombi hilo orodha ya lugha azipendazo, zimepangwa kwa daraja. Orodha hiyo ni shahidi mwadilifu kuliko ramani, lakini nayo haikati hukumu, kwani kompyuta ya ofisini huenda ilitiwa lugha na mtu mwingine. Basi tovuti yenye adabu hupendekeza, humwachia msomaji hiari ya kubadili, na akiisha kuchagua huukumbuka uchaguzi wake.

Na abadilipo lugha, abaki pale pale alipokuwa. Asomaye masharti ya viza kwa Kiingereza katika tovuti ya serikali ya Kanada, akibonyeza Français, huyakuta masharti yale yale kwa Kifaransa. Harudishwi kwenye ukurasa wa mwanzo aanze safari upya. Pasipo na tafsiri, na isemwe waziwazi kwamba haipo.

Taabu kubwa ya usanifu, na kwangu mimi sehemu yenye ladha kuliko zote, ni lugha ziandikwazo kutoka kulia: Kiarabu, Kiebrania, Kiajemi, Kiurdu. Wako watafsirio maneno wakaiacha menyu, vishale na mpango mzima wa ukurasa kama ulivyokuwa kwa Kiingereza. Aliyefunzwa chuoni kuufungua msahafu anafahamu kwamba jicho huanzia kulia. Kwa hiyo menyu kuu ihamie huko, na kishale cha kwenda mbele kielekee kushoto. Walakini si kila kitu kigeuzwe: namba ya simu husomwa kutoka kushoto hata ndani ya sentensi ya Kiarabu, na mishale ya saa haizunguki kinyume kwa ajili ya hati.

Limebaki jambo lisiloonekana kwa macho. Ndani ya msimbo, ukurasa wa Kiswahili hutiwa alama ya herufi 2, sw, na kila jina katika orodha ya lugha lastahili kutiwa alama ya lugha yake. Kwa alama hizo programu imsomeayo asiyeona hujua itumie matamshi gani, na zikikosekana huweza kuyasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, msikilizaji asiambulie hata neno.