Daftari Lisiwe Mzigo kwa Kompyuta Ndogo

Hapana kituo cha polisi wala lindo la jeshi lisilo na kitabu cha matukio. Aingiaye zamu husoma aliyoyaandika mwenzake, na siku ya mashtaka kitabu hicho huwa shahidi wa kwanza. Lakini askari akitumia zamu nzima kuandika, lango hubaki halina mlinzi. Jambo hilo hilo huwasumbua mafundi wa kompyuta ndogo zilizofichwa ndani ya redio za mawasiliano, mita za umeme, mitambo ya magari na vyombo vingine vingi ambavyo kwa kuvitazama tu hatudhani vina kompyuta.

Programu ya chombo cha namna hiyo nayo ina daftari lake: saa fulani betri ilishuka, saa fulani mtambo uliomba njia ukakataliwa. Bila daftari hilo, fundi aletewaye chombo kibovu hana pa kuanzia. Shida ni kwamba kompyuta hizi ni dhaifu, na nyingi zina kumbukumbu ya makumi machache tu ya kilobaiti.

Natupige hesabu. Mara nyingi daftari hupelekwa nje kwa waya upitishao biti moja baada ya nyingine. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, na kila herufi ikichukua biti 10 pamoja na alama zake za mwanzo na mwisho, waya huo hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 basi huchukua sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde. Kwa binadamu ni kufumba na kufumbua. Lakini kompyuta iliyopewa kazi ya kupima injini mara 100 kwa sekunde itakosa vipimo 8 ikingoja mstari mmoja umalizike.

Dawa yake ni kutongoja. Programu huandika taarifa katika sehemu ndogo ya kumbukumbu, kisha huendelea na kazi. Mtambo ukitulia, taarifa hizo ndipo zipelekwe nje. Sehemu hiyo huandikwa kwa mzunguko, nayo ikijaa, taarifa mpya hukalia mahali pa iliyo kongwe. Hapa pana uamuzi mgumu. Chombo kikizimika ghafla, ambayo hayajapelekwa hupotea, na aghalabu hayo ndiyo yanayotafutwa, kwa kuwa ni maneno ya mwisho kabla ya kifo. Kwa hiyo mafundi wenye busara huamuru makosa makubwa yaandikwe papo hapo, hata kazi ikisimama, na mengine yote yangoje. Wengine hutenga sehemu ya kumbukumbu isiyofutwa kompyuta inapojiwasha upya, ili yaliyobaki humo yasomwe baadaye. Sisi twaona njia hizi mbili zafaa kutumiwa pamoja.

Njia nyingine askari wa mawasiliano wataielewa mara moja, maana ni ile ile ya maneno ya fumbo redioni. Badala ya kutuma sentensi nzima, «joto la betri limezidi kiwango, nyuzi 61», ambayo ni herufi 40, chombo hutuma namba ya sentensi hiyo na kile kipimo cha 61, jumla baiti 4 tu. Kitabu cha kufasiri hubaki katika kompyuta kubwa ya ofisini, na huko ndiko sentensi huundwa. Chipu dhaifu huondolewa hata ile kazi ya kugeuza tarakimu kuwa maandishi, ambayo kwake si ndogo. Lakini programu ikibadilishwa na kitabu kisibadilishwe, kila taarifa itasomeka sivyo, kama anayefumbua salamu za leo kwa fumbo la mwezi uliopita.

Daftari likihifadhiwa ndani ya chombo chenyewe, hapana budi kuihurumia hifadhi. Chipu za hifadhi hazifutwi herufi moja moja. Hufutwa sehemu nzima, mara nyingi ya baiti 4,096, na kila kufutwa huzichakaza. Afadhali taarifa zikusanywe, ziandikwe kwa mkupuo. Mwaka 2021 kampuni ya Tesla ya Marekani iliyaita magari yapatayo 135,000 kwa sababu chipu zao za hifadhi zilikuwa zikichakaa kwa kuandikwa na kufutwa mno, hata picha ya kamera ya nyuma ikaweza kutoweka.

Lakini kisa kikubwa ni cha Spirit, gari la uchunguzi la Marekani lililotua katika sayari ya Mars Januari 2004. Wiki chache baadaye likanyamaza. Faili nyingi mno, zikiwamo za safarini, zilikuwa zimelundikana katika hifadhi yake, na orodha yake pekee ilihitaji kumbukumbu kuliko iliyotengwa. Kompyuta ikawa inaanguka na kujiwasha upya, zaidi ya mara 60, na kwa kuwa haikulala usiku, betri zikawa zinakwisha. Wahandisi waliiamuru iamke bila kuigusa hifadhi hiyo, kisha wakafuta faili zisizohitajiwa. Gari hilo, lililopangiwa kazi ya siku 90 za Mars, liliendelea kuleta habari mpaka tarehe 22 Machi 2010.