Manny Pacquiao na Mizani

Tarehe 22 Januari 1995, katika mji wa Sablayan kwenye kisiwa cha Mindoro, Ufilipino, kijana wa miaka 16 alikuwa anajiandaa kwa pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa. Alitakiwa afikie kilo 47.6. Mwili wake ulikuwa na kilo 44 na nusu. Miaka mingi baadaye, dunia nzima ikiwa inamjua, alieleza mwenyewe alivyofanya: aliweka vitu vizito mifukoni kisha akapanda kwenye mizani. Akaruhusiwa, akapigana raundi nne, akashinda kwa pointi. Jina lake Emmanuel Pacquiao, na watu humwita Manny.

Mimi kazi yangu kwenye mashindano ya ngumi za ridhaa hapa Dar es Salaam ni kusimamia mizani. Bondia anavua viatu, anapanda, nasoma, naandika. Walio wengi wanahangaika kupunguza: wamekimbia na makoti ya nailoni juani, wamelala bila kunywa maji, wengine wanatema mate kwenye chupa mpaka dakika ya mwisho. Lakini wapo pia, hasa wadogo, wanaohangaika kuongeza. Wanakunywa maji mpaka tumbo linajaa ndipo wanakuja kupima. Ukimuuliza mtoto wa namna hiyo amekula nini tangu jana, anatazama chini. Kwa hiyo habari ya mifuko ya Pacquiao sikuisoma kama kichekesho.

Katika kambi zetu hupenda kusemwa kwamba njaa ndiyo humzaa bondia. Walimu huwaambia vijana hivyo kwa fahari, na anayetolewa mfano mara nyingi ni huyu Mfilipino: amelala barabarani, ameuza maandazi, leo ana mikanda katika madaraja manane. Mimi nimeyafuatilia maisha yake kwa jicho la mtu wa mizani, na ninachokiona ni kwamba njaa ilikaribia kumwondoa ulingoni zaidi ya mara moja. Alipopata chakula na walimu, ndipo alipopanda.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1978 huko Kibawe, katika mkoa wa Bukidnon kwenye kisiwa cha Mindanao, kusini mwa Ufilipino. Familia ikaja kukaa General Santos, mji wa bandari unaojulikana kwa samaki aina ya jodari. Baba yake aliondoka nyumbani Manny akiwa bado shule ya msingi, mama yake Dionisia akabaki na watoto na vibarua vya hapa na pale. Manny akawa anauza maandazi mitaani. Mwaka 1990 alitazama kwenye televisheni, akiwa na mjomba wake, Mike Tyson akiangushwa na James Douglas, mtu ambaye hakuna aliyempa nafasi ya kushinda. Amesema siku ile ndiyo iliyobadilisha maisha yake. Mjomba huyo, Sardo Mejia, akaanza kumfundisha ngumi nyumbani.

Akiwa na miaka 14 alitoroka nyumbani bila kumuaga mama yake, akapanda meli kwenda Manila. Kule alifanya kazi za ujenzi na akalala nje kwa muda. Baadaye akapata pa kulala katika ukumbi wa mazoezi ya ngumi kwenye mtaa wa Sampaloc. Ukiniuliza mimi, mtu wa kwanza wa kushukuriwa katika habari hii ni yule aliyekubali mtoto asiye na kwao alale ndani ya ukumbi wake. Ngumi alikwisha kuwa nazo. Alichokikosa ni paa.

Desemba 1995, katika ukumbi mmoja wa Manila, rafiki yake Eugene Barutag alipigana katika usiku uleule ambao Pacquiao alikuwa kwenye ratiba. Barutag alifariki kutokana na pambano lile. Vijana hawa walitoka umaskini uleule na kufuata njia ileile. Kila ninapomsikia mwalimu akimtaja Pacquiao mbele ya wanafunzi wake, natamani amtaje na Barutag katika pumzi hiyohiyo.

Miezi miwili baadaye, Februari 1996, Pacquiao alipoteza pambano kwa mara ya kwanza baada ya kushinda 11 mfululizo. Safari hii mizani ilimkamata upande wa pili. Alikuwa ameanza kula, mwili wa mtoto anayekua ulikuwa umeongezeka, akashindwa kufikia uzito uliokubaliwa. Adhabu yake ikawa kuvaa glovu nzito kuliko za mpinzani wake, Rustico Torrecampo. Akaangushwa raundi ya tatu.

Hapa inabidi nieleze jinsi mambo haya yanavyokwenda, maana msomaji anayetazama ngumi kwenye televisheni huuona ulingo tu. Ngumi za kulipwa kwa jadi zina madaraja 17 ya uzito. Kupima hufanyika kwa kawaida siku moja kabla ya pambano. Bondia hujikausha maji mwilini ili afike kwenye kikomo, akishateremka kwenye mizani anakunywa na kula, na kesho yake anapanda ulingoni akiwa mzito zaidi, pengine kwa kilo kadhaa. Anayefanya hivyo kwa kiasi na kwa uangalizi anaweza kufaidika. Anayezidisha anapanda ulingoni na mwili uliokauka. Miguu haina nguvu, na ubongo usio na maji ya kutosha unavumilia vibaya mno ngumi ya kichwa. Katika ngumi za ridhaa tunapima asubuhi ya siku ya mashindano, ili bondia asipate muda wa kujikausha sana na kujijaza tena. Hata hivyo wapo wanaojaribu.

Tarehe 4 Desemba 1998, Pacquiao alikwenda Thailand kupigana na bingwa wa WBC (kimojawapo cha vyama vya ngumi za kulipwa duniani) wa daraja la kilo 50.8, Chatchai Sasakul, mbele ya watu wa nyumbani kwa Sasakul. Mthailand alikuwa anaongoza kwa pointi mpaka mkono wa kushoto wa Pacquiao ulipomfikia katika raundi ya nane. Kijana wa miaka 19, asiyetimiza bado 20, akawa bingwa wa dunia.

Mkanda huo hakuunyang'anywa ulingoni. Septemba 1999 alirudi Thailand kuutetea dhidi ya Medgoen Singsurat, akazidi kikomo kwa ratili moja, yaani chini ya nusu kilo. Ubingwa ukamtoka palepale kwenye mizani. Kesho yake akapanda kupigana akiwa amejikausha kiasi hicho, akapigwa ngumi ya tumbo, akashindwa katika raundi ya tatu. Anayetaka kujua jinsi bondia anavyoonekana mwili ukiwa hauna kitu ndani aitazame picha ya pambano lile. Kasi iliyomshinda Sasakul haikuwepo kabisa.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko yote. Badala ya kujibana tena, aliruka madaraja mawili na kutua kilo 55.3. Watu wa kawaida watadhani kwamba bondia mdogo akipanda juu anadhoofika, kwa kuwa anakutana na wakubwa. Kwa Pacquiao ilikuwa kinyume, kwa sababu yale madaraja ya chini hayakuwa ya mwili wake hata kidogo. Zile kilo 44 zilikuwa kilo za mtoto asiyekula vizuri. Alipoacha kuupigania uzito wa zamani, ngumi zake zikawa nzito na miguu ikabaki na wepesi uleule.

Mwaka 2001 alikwenda Marekani kutafuta mwalimu, akaingia katika jimu ya Wild Card huko Hollywood. Mwenye jimu, Freddie Roach, bondia mstaafu, akavaa pedi na kumjaribu, na tangu siku hiyo wakawa pamoja. Nafasi ilikuja haraka. Bingwa wa chama kingine, IBF, Lehlohonolo Ledwaba, mzaliwa wa Soweto, Afrika Kusini, alikuwa na pambano Las Vegas, na mpinzani wake akajitoa. Pacquiao akachukua nafasi hiyo zikiwa zimebaki wiki mbili hivi. Tarehe 23 Juni 2001 alimsimamisha Ledwaba katika raundi ya sita. Sisi wa Afrika tuna haki ya kumkumbuka Ledwaba kwa heshima: alikuwa bondia fundi, aliyekwenda kutetea mkanda wake na akakabidhiwa, bila kujua, mmoja wa mabondia wakubwa wa karne hii. Alifariki mwaka 2021 kwa Korona.

Baada ya hapo ngazi zilipandwa kwa kasi. Marco Antonio Barrera alisimamishwa katika raundi ya 11 mwaka 2003, katika mji wa San Antonio uliojaa mashabiki wa Mexico. Yeye na Juan Manuel Márquez walianza vita ya mapambano manne. Katika la kwanza, mwaka 2004, Pacquiao alimwangusha mara tatu ndani ya raundi ya kwanza na bado likaisha sare. Erik Morales alimshinda mwaka 2005, naye akarudi kumpiga mara mbili mwaka uliofuata.

Desemba 2008 akakutana na Oscar De La Hoya, tajiri na nyota wa ngumi za Marekani, mrefu na mwenye historia ya kupigana katika uzito wa juu sana. Wataalamu wengi waliliona pambano hilo kuwa hatari kwa Mfilipino. Lakini De La Hoya ndiye aliyelazimika kushuka. Alijikausha, na usiku wa pambano alikuwa na kilo 66.7, wakati Pacquiao, aliyekuwa anapanda na kula, alikuwa na 67.4. Yule anayeitwa mdogo alikuwa mzito kuliko mkubwa. De La Hoya alibaki amekaa kwenye kiti chake baada ya raundi ya nane. Mimi pambano hili huwasimulia vijana kila wanaponiambia kwamba watashusha kilo tano kwa siku mbili.

Ricky Hatton akadumu raundi mbili, Mei 2009. Miguel Cotto akasimamishwa katika raundi ya 12, Novemba mwaka huohuo. Kisha Novemba 2010, katika uwanja wa mpira wa Kimarekani huko Arlington, Texas, mbele ya watu zaidi ya 41,000, akapanda na Antonio Margarito kugombea mkanda wa daraja lake la nane. Kwenye kupima, Pacquiao alikuwa na kilo 65.6 tu, Margarito kilo 68. Usiku ule ulingoni Mmexico alikuwa amefika karibu kilo 75, na Pacquiao 67. Akampiga Margarito mpaka mfupa wa jicho ukavunjika. Katika raundi ya 11 akawa anamgeukia refa, kana kwamba anamwomba asimamishe. Refa aliacha liendelee, na Pacquiao akapunguza makali mpaka mwisho. Tangu kilo 50.8 mpaka daraja linaloishia kilo 69.9, hakuna mwingine aliyebeba ubingwa katika madaraja manane.

Nyumbani kwao aliitwa Ngumi ya Taifa. Akipigana, barabara za Manila zilikuwa tupu, watu wamejazana kumbini na viwanjani mbele ya skrini. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa Sarangani, mwaka 2016 akawa seneta, na mwaka 2022 aligombea urais akashika nafasi ya tatu. Amejenga nyumba na kuwapa watu wasio na makazi huko kwao. Hapo namvulia kofia. Lakini katika Seneti alipigania kurudishwa kwa hukumu ya kifo, na katika nchi ambayo mkono wa dola huwaangukia kwanza maskini wa mitaani, mitaa aliyolala yeye mwenyewe, hilo linaniuma. Mwaka 2016 pia aliwatolea maneno mabaya watu wanaopenda wa jinsia yao, akaomba radhi, lakini kampuni ya Nike ikakatisha mkataba naye. Kumpenda bondia hakunilazimishi kuyafunika haya.

Alianguka pia. Márquez alimzimisha katika raundi ya sita, Desemba 2012, kwa ngumi moja ya kulia. Mwaka 2015 alishindwa kwa pointi na Floyd Mayweather katika pambano lililonunuliwa na nyumba milioni 4.6 nchini Marekani. Lakini Julai 2019, akiwa na miaka 40, alimwangusha Keith Thurman katika raundi ya kwanza na kumshinda kwa pointi. Juni 2025 aliingizwa katika Jumba la Heshima la ngumi za dunia. Mwezi uliofuata, na miaka 46, akatoka sare na bingwa Mario Barrios. Watu waliuliza amewezaje kudumu hivyo. Sehemu ya jibu naiona hapa: kwa miaka mingi ya ukubwa wake hakuutesa mwili kushuka. Tabu ya walimu wake ilikuwa kumlisha ili uzito usipungue, na asubuhi ya kupima alikuwa anakula wakati wenzake wanakauka.

Mtoto wake wa kwanza wa kiume, Jimuel, alipotaka kupigana, baba hakufurahi. Pacquiao ameeleza hadharani kwamba yeye aliingia ngumi kwa sababu ya umaskini, kwamba anaujua ugumu wake, na kwamba asingependa mwanawe aupitie. Jimuel akaingia hata hivyo, akaanzia ngumi za ridhaa, na baba yake akamwachia.