Uchungu wa Chai Tunautengeneza Wenyewe, Kisha Tunaufunika kwa Sukari

Sisi watu wa Pwani hatuna uhaba wa chai. Mnada wa majani ya chai ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ulihamia Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo majani ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania huuzwa hapa kabla ya kupakiwa melini kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwengineko. Lakini keti mahali popote uagize chai ya mkandaa, na mara nyingi utaletewa kitu kisichonyweka mpaka utie vijiko vitatu vya sukari. Watu husema majani ya siku hizi ni mabaya. Mimi naona majani yanasingiziwa. Penye kosa ni chombo na njia.

Jambo hili si la ladha peke yake. Ni nadra hapa kwetu kupata ukoo mkubwa usiokuwa na mgonjwa wa sukari. Daktari akimwambia mzee apunguze sukari, kinachomshinda kwanza ni chai ya asubuhi na mahamri yake. Ikiwa chai yenyewe imepikwa mpaka inakausha ulimi, tutamlaumu vipi akiendelea kuiongeza utamu?

Tuanze na majani, kwani ndiyo yanayoamua kila kitu. Majani mengi ya Kenya hutengenezwa kwa mashine inayoyaponda, kuyachana na kuyaviringisha mpaka yawe punje ndogo nyeusi. Ndiyo yale yanayoitwa CTC, njia iliyobuniwa Assam, India, mwaka 1930. Kwa kuwa jani limeshapasuliwa, maji huingia upesi, na rangi na nguvu yake hutoka ndani ya dakika mbili au tatu. Ukizidi kulichemsha, kinachoendelea kutoka kwa wingi ni tanini, nayo ndiyo inayoleta ule ukakasi. Basi robo saa juu ya moto haikupi chai zaidi. Inakupa uchungu zaidi.

Hata hizo punje hazilingani. BP1 ni kubwa kidogo, PF1 ni ndogo zaidi, na mwisho kabisa kuna vumbi la chai. Kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokolea haraka. Kuna pia majani yaliyosokotwa yakabaki marefu, ambayo mashamba kadhaa nchini huyatengeneza. Hayo yanataka dakika tatu mpaka tano, na nafasi ya kujikunjua ndani ya maji.

Hapo ndipo swali la chombo linapokuja. Madukani kuna kile kidude cha duara chenye matundu na mnyororo, unachokijaza majani na kukitumbukiza kikombeni. Kwa punje zetu ndogo hakifai, kwa sababu nyengine hupenya matunduni na nyengine hujibana katikati zisipate maji. Kwa majani marefu nacho ni kidogo mno. Mimi sikitumii. Ninachokitumia ni buli la udongo au la chuma kisichoshika kutu, lenye kifuniko, pamoja na chujio la waya lenye matundu madogo sana. Chujio la plastiki ni rahisi, lakini hushika harufu ya iliki na karafuu na kuipeleka kwenye chai ya kesho. Asiyekuwa na buli asihangaike: sufuria yenye mfuniko, iliyotolewa motoni, hufanya kazi ile ile. Hakuna haja ya kununua kitu cha bei ghali.

Kinachosahauliwa ni maji. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi na chokaa. Chokaa hushikana na vitu vilivyomo kwenye chai, ikafanya ule utando unaoelea juu ya kikombe, na chai ikawa nzito isiyo na harufu. Kwa hiyo, ikiwa nyumbani muna maji ya kisima ya kufulia na mtungi wa maji matamu ya kunywa, chai ipikwe kwa yale ya mtungi. Lita moja yatosha vikombe vitano, na tofauti utaiona kwa macho kabla ya kuionja.

Sasa njia yenyewe. Kwa chai ya mkandaa, viungo na majani visiingie pamoja. Iliki, mdalasini na tangawizi vinataka muda, kwa hivyo navitwanga kidogo na kuvichemsha kwenye maji dakika tano au zaidi. Kisha nazima moto, natia majani, kijiko kimoja cha chai kisichofurika kwa kila kikombe kikubwa, nafunika na kungoja dakika tatu. Halafu nachuja yote mara moja. Ukitaka chai kali zaidi, ongeza majani, usiongeze muda.

Chai ya maziwa ina hukumu yake. Wako watakaoniambia kuwa chai ya maziwa lazima iive, na siwapingi. Protini ya maziwa hushikana na tanini na kupunguza ukakasi, ndiyo maana chai ya maziwa huvumilia moto ambao mkandaa hauvumilii. Hata hivyo, majani yatiwe maziwa yakishachemka, ipande mara moja au mbili, kisha ichujwe. Kuiacha itokote mpaka igeuke rangi ya matofali ni kupoteza gesi bure.

Chai ya kijani nayo isimwagiwe maji yanayotokota. Yaache maji yapoe dakika chache, utie majani, na uchuje baada ya dakika mbili. Wengi wanaosema chai hiyo ni dawa chungu wameiunguza tu.

Mahali pa mwisho tunapoiharibu chai ni kwenye themosi. Chai hupikwa vizuri alfajiri, kisha humiminwa na majani yake, ikakaa humo mpaka adhuhuri. Themosi hutunza joto, na joto huendelea kuyakamua majani. Mgeni wa saa tano anamiminiwa kitu kilichopikwa tangu saa kumi na mbili! Chuja kwanza, ndipo utie kwenye themosi. Sukari nayo isitiwe humo, iwekwe pembeni, ili anayeihitaji achote mwenyewe na aliyekatazwa asilazimike kuchagua kati ya afya yake na kuonekana hana adabu.

Asiyeamini ajaribu kesho. Pika vikombe viwili kwa majani ya pakiti moja na maji mamoja, kimoja dakika tatu nje ya moto, kimoja robo saa juu ya moto. Vionje vyote bila sukari, kisha uhesabu kila kimoja kinahitaji vijiko vingapi. Mzee wa nyumbani akiwepo, mpe yeye aonje kwanza.