Yona Alijua Anamkimbia Nani

Kwamba Mungu habadiliki, Wakristo wengi hukiri haraka kisha huwaachia wanafalsafa, kana kwamba jambo hilo halina uhusiano na wokovu. Nabii Malaki hakuliona hivyo. Alinena baada ya uhamisho wa Babeli, hekalu likiwa limekwisha kujengwa upya, wakati makuhani walipokuwa wakitoa sadaka za wanyama vipofu na viwete, na watu wakiuliza kwa kejeli yuko wapi Mungu wa haki. Katika sura ya 3, aya ya 6, anaeleza kwa nini watu wa namna hiyo bado wapo duniani, wala hataji wema wao: wangali hai kwa sababu Bwana ni yule yule. Wito wa kurudi unakuja katika aya inayofuata. Kwa hiyo, katika Maandiko, kutobadilika kwa Mungu ni kwanza habari ya wokovu.

Pingamizi zito linatoka ndani ya Biblia yenyewe. Samweli wa Kwanza sura ya 15 husema mara mbili kwamba Mungu alijuta kumtawaza Sauli, na katikati ya kauli hizo, aya ya 29 inakana kwamba Mungu hujuta kama mwanadamu. Mji wa Ninawi nao ulitangaziwa na nabii Yona maangamizi katika siku 40, na siku hizo zikapita mji ukiwa umesimama. Je, huo si ugeugeu? Asikilizwe Yona mwenyewe katika sura ya 4 ya kitabu chake. Analalamika kwamba tangu akiwa kwao alijua Mungu atawahurumia wale watu, ndiyo maana akapanda merikebu ya kwenda Tarshishi. Na sifa anazozitaja ni zile alizotangaziwa Musa katika Kutoka 34, baada ya dhambi ya ndama wa dhahabu. Angewezaje kuubashiri mwisho wa mambo kama Mungu angekuwa hatabiriki? (Hakuna aliyeijua teolojia vizuri kuliko Yona katika kitabu kile, wala aliyeichukia zaidi.) Yeremia 18 inaeleza kanuni yenyewe: taifa lililotishiwa likiacha uovu, tishio huondolewa. Waliogeuka ni Waninawi. Kwa Sauli mambo ni magumu zaidi, kwa maana ufalme ulimtoka kweli na huzuni ya Mungu haisemwi kwa mzaha. Lakini aya ile ya 29 inatamkwa Sauli akiwa ameng'ang'ania vazi la Samweli, ili asidhani kwamba hukumu hubembelezwa. Kutobadilika huku ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Wapo wanaosema wazo lote liliazimwa kwa Wayunani. Msamiati, ndiyo. Lakini Mungu wa Aristoteli hujitafakari mwenyewe wala hafungi agano na mtu, ilhali Waebrania 6 inaliegemeza tumaini la waamini juu ya kiapo alichopewa Abrahamu. Ndiyo maana mwaka 325 Mtaguso wa Nikea, ukimpinga Arius, kasisi wa Aleksandria, uliwalaani pia waliosema kwamba Mwana wa Mungu anaweza kubadilika. Mwokozi ambaye kwa asili yake angeweza kugeuka angewaachia waliookolewa wokovu wa mashaka. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalkedoni ukakiri kwamba Mwana alitwaa ubinadamu bila uungu wake kubadilika.

Linabaki swali la watu wa kawaida, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi: kama Mungu habadiliki, tunaomba ili iweje? Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alijibu kwamba hatuombi ili kuugeuza uamuzi wa Mungu. Tunaomba ili tupate yale aliyokusudia tangu milele kuyatoa kwa njia ya maombi. Anayeacha kuomba kwa kuwa mambo yamekwisha kuamuliwa anadhani Mungu aliamua matokeo akasahau njia za kuyafikia. Kwa hesabu ya Aquinas, sala ya leo nayo imo ndani ya uamuzi ule.