Somo la Redio: Kwa Nini Divai ya Thamani Huuzwa kwa Bei Rahisi?

Msimamizi, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: divai, dalali, ghala, riba, lebo. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti mara mbili. Vyema. Tutakutana nayo yote leo.

Divai ni kileo kinachotengenezwa kwa maji ya zabibu. Wengi wenu hamnywi, na somo hili halimwambii mtu anywe. Somo letu ni la bei. Sote tunaijua methali isemayo, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Basi mbona divai yenye sifa kubwa, inayotafutwa na matajiri, huonekana siku nyingine katika duka la bei rahisi, imepangwa karibu na sabuni na maharage ya kopo? Je, imeharibika? Imeibwa? Ni ya uongo? Yawezekana. Lakini mara nyingi jibu ni jingine, nalo linamfaa kila mtu anayenunua na kuuza.

Twende Ufaransa, katika mji wa Bordeaux. Mwaka 1855 madalali wa divai wa mji huo waliandika orodha ya mashamba bora ya zabibu. Mashamba ya divai nyekundu waliyagawa katika madaraja matano. Walitumia kipimo gani? Bei. Shamba ambalo divai yake iliuzwa ghali kwa miaka mingi liliwekwa juu. Orodha hiyo inatumika mpaka leo, nayo imebadilishwa kidogo sana.

Sasa sikilizeni jinsi divai hiyo inavyouzwa. Zabibu huvunwa mwezi wa Septemba na Oktoba. Mwaka unaofuata, kati ya Aprili na Juni, mwenye shamba hutangaza bei, na divai ingali ndani ya mapipa. Dalali huipeleka habari kwa mfanyabiashara wa jumla, naye hupata ujira wa 2 kwa 100. Mfanyabiashara hulipa mapema. Chupa zenyewe atazipokea baadaye, pengine baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili.

Hapa pana jambo moja gumu. Kila mfanyabiashara ana fungu lake. Akikataa kununua mwaka ambao divai ni mbaya, anaweza kunyimwa fungu mwaka ambao divai ni nzuri. Kwa hiyo hununua hata asichokihitaji, akitumaini kwamba bei itapanda. Mara nyingi fedha hizo amezikopa benki.

Tazameni yaliyotokea mwaka 1972. Mwaka huo ulikuwa wa baridi, na zabibu hazikuiva vizuri. Hata hivyo, wenye mashamba walidai bei kubwa kuliko ya mwaka 1971, ambao divai yake ilikuwa bora. Wafanyabiashara wakanunua. Kisha wanywaji wakaacha kununua. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafula duniani, fedha zikawa adimu, na wenye madeni wakabanwa. Maghala ya Bordeaux yalikuwa yamejaa. Bei ya divai ya mwaka 1972 ilianguka. Lakini angalieni sana jambo hili: hata divai ya mwaka 1970, iliyokuwa nzuri sana, bei yake ilianguka pamoja nayo. Nzuri na mbaya zilishuka siku zile zile.

Kwa nini mtu auze kitu kizuri kwa hasara? Tupige hesabu. Tuseme mfanyabiashara amebakiwa na chupa 300, na kila chupa aliinunua kwa shilingi 50. Fedha zake zilizolala ghalani ni shilingi 15,000. Benki inamtoza riba ya 10 kwa 100, yaani shilingi 1,500 kila mwaka. Kodi ya ghala ni shilingi 500 kwa mwaka. Kwa hiyo kila mwaka anaokaa bila kuuza hutoa shilingi 2,000. Akiuza leo kwa shilingi 30 kila chupa, atapata shilingi 9,000. Hasara yake ni shilingi 6,000. Akingoja miaka mitatu, atakuwa ametoa shilingi 6,000 hizo hizo, na hana hakika kwamba mnunuzi atatokea. Mwenye deni hawezi kungoja. Atauza leo.

Njia nyingine ni hizi. Mkahawa mkubwa huweka divai nyingi kwa ajili ya wageni. Mkahawa ukifungwa, chupa zile hutafutiwa mnunuzi. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mikahawa katika nchi nyingi, baadhi ya wenye mikahawa waliuza akiba zao ili wapate fedha. Tena, yuko mwagizaji ambaye divai ya mwaka mpya imemfikia na ya mwaka jana haijatoka. Anahitaji nafasi.

Hapo ndipo mwenye duka la bei rahisi anapoingia. Yeye hununua mzigo wote kwa mara moja, na hulipa upesi. Kampuni ya Grocery Outlet ya Marekani ilianza mwaka 1946 huko California kwa kuuza vyakula vilivyozidi mahitaji ya jeshi. Mpaka leo kazi yake ni kununua vilivyozidi kwa wengine, na divai ni mojawapo. Huko Ufaransa, maduka ya Leclerc yalianza katika miaka ya 1970 kufanya majuma maalum ya kuuza divai, na siku hizi maduka makubwa mengi hufanya hivyo kila Septemba.

Basi, bei ya chini hutuambia nini? Hutuambia kwamba muuzaji ana haja. Haituambii kama kitu ni kizuri au kibaya. Na bei kubwa nayo si ushahidi. Mwaka 2014 mahakama ya New York ilimfunga Rudy Kurniawan miaka 10 kwa kuwauzia matajiri divai za uongo kwa bei kubwa mno.

Mnunuzi atajuaje? Atasoma lebo, yaani ile karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Humo mna jina la shamba, mahali lilipo, na mwaka wa mavuno. Chupa mbili zaweza kuwa na jina moja na bei moja, lakini moja ni ya mwaka 1970 na nyingine ya mwaka 1972. Asiyejua kusoma huona chupa mbili zilizo sawa. Anayejua kusoma huona mali na hasara. Akimaliza kusoma, atazame kizibo. Kizibo kilichosukumwa nje, au chupa iliyovuja, ni dalili kwamba huenda divai ilikaa kwenye joto ikaharibika.

Ndugu zangu, jambo hili si geni kwetu. Mkulima mwenye deni huuza mahindi yake wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Mahindi yale si mabaya. Shida ndiyo iliyoyauza. Kwa hiyo kizuri pia hujitembeza, mwenyewe akiwa na haja.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini mfanyabiashara wa Bordeaux hununua divai ya mwaka mbaya?
2. Riba ikiwa 5 kwa 100, yule mwenye chupa 300 atatoa shilingi ngapi kila mwaka, pamoja na kodi ya ghala?
3. Je, wewe umewahi kuuza kitu kizuri kwa bei rahisi? Ni haja gani iliyokufanya uuze?

Kipindi kijacho kila mmoja aje na kopo au pakiti moja kutoka nyumbani, tusome pamoja tarehe zilizoandikwa. Kwaherini.