Neno la Rao wa Kutch Pwani ya Mombasa

Apitaye Kengeleni, upande wa Kisauni, huiona kengele ya kale iliyokuwa ikigongwa kuwatahadharisha watu wa Freretown, waliokwisha kuachwa huru, wasije wakatekwa tena. Mji huo, ulioasisiwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875, uliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyekwenda Unguja mwaka 1873 kumtaka Sultani wa huko, Sayyid Barghash, aipige marufuku biashara ya watumwa. Lakini ni wachache wajuao kwamba shauri hilo lilipita pia katika baraza la mfalme wa Kihindu, huko Bhuj, makao makuu ya Kutch, magharibi mwa Bara Hindi.

Wafalme hao, wa ukoo wa Jadeja, waliitwa Rao, na baraza lao, yaani darbar, ndilo lililokuwa mahali pa kuamulia mashauri na kupokea taadhima za wakuu wa koo. Rao alikuwa na sarafu yake, kori, na zaidi ya hayo alikuwa na daraja katika dini: Ashapura, mungu wa kike mlinzi wa nasaba, aliombwa baraka na mfalme kwa niaba ya raia wote, ibada ambayo jamaa wa ukoo huo wangali wakiitimiza, ijapokuwa utawala wao ulikoma mwaka 1948.

Raia wa Rao walitapakaa pwani yetu yote kutoka bandari ya Mandvi, na nyumba ya Jairam Shivji ilishika forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Rao hakuwa na manowari ya kuwafuata huku. Ila nyumba zao, mashamba yao na jamaa zao vilibaki kwao Kutch. Kwa hiyo Rao Pragmalji wa Pili alipotangaza, mwishoni mwa mwaka 1872, kwamba atakayeshiriki biashara ya watumwa atahesabiwa mhalifu mkubwa na mali yake iliyoko Kutch itatwaliwa, tishio hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa zito kuliko mizinga. Wala tusidhani lilitoka moyoni mwake peke yake, kwani Waingereza walikuwa wameushika mkono wa dola hiyo tangu mwaka 1819. Tena katika tangazo la awali, la mwaka 1869, Rao alikuwa amekwisha kuwakabidhi Waingereza mamlaka juu ya raia wake wa Unguja katika mambo ya utumwa, hata ikawa amri iliyotolewa kwa jina la mfalme ndiyo iliyowatoa watu wake mikononi mwake.